Mazishi ya Mgomba Kinondoni

Kinondoni, Dar es Salaam
27 Februari 1955

Kaka Bakari,

Shikamoo. Ukishaitikia, vua kofia, maana anayekuandikia leo si yule Mwishehe uliyemwacha akifukuzana na kuku. Toka Mungu auumbe mji huu hajatokea kijana mwenye kichwa kama changu. Wasomi wananifuata nyumbani sijanawa uso, wanakaa kibarazani wanangoja niamke! Mie niliyetimuliwa darasa la nne kwa kumwiga mwalimu sauti, leo walimu wanaandika ninayoyasema.

Lakini salamu kwanza, usije ukasema sina adabu. Mama hajambo. Lile jino lililokuwa likimsumbua limeng'oka lenyewe akila muhogo, sasa anacheka bila kuficha mdomo. Mbuzi wako amezaa, na mama amepiga marufuku mtu kumtazama kwa jicho la mchuzi, anasema ni wa harusi yako.

Temeke nimefika. Ile doti ya kanga uliyomletea Somoe nimeifikisha salama. Mzee Hija aliipokea kwa mikono miwili, akaniuliza, "Huyu mkwe wangu anakula vizuri huko bara?" Nikamwambia, "Baba, amenenepa, akikanyaga reli inapinda." Alicheka yule mzee mpaka akashika mbavu. Somoe mwenyewe hakutokea, binti aliyeposwa hatokitoki ovyo, lakini nilisikia mtu anacheka nyuma ya pazia, na sahani ya vitumbua ilikuja imejaa kuliko siku zote. Kwa hiyo mambo yako yamo mikononi mwangu, wewe piga nyundo zako za reli ulale usingizi.

Sasa sikiliza habari yangu. Wamekuja wanafunzi wa ualimu, wanakaribia kumaliza chuo. Wamepewa kamera ya senema, wanatengeneza mkanda wa kufundishia mila za watu wa pwani, uonyeshwe mashuleni na kwenye lile gari la senema linalozunguka nchi nzima. Mkubwa wao ni Bwana Gaudens, Mhaya wa Bukoba, mrefu, soksi mpaka magotini. Mwenzake ni Bi Avelina, yeye kazi yake kuandika. Hata ukikohoa anaandika. Kamera yenyewe haishiki sauti, inashika picha tu. Maneno atayasema mwalimu atakayesimama kando ya kitambaa.

Walipouliza nani anazijua mila, mie nikanyoosha mkono. Nimekwisha kuwaonyesha wasuka ukili wa mikeka, nimewachezeshea ngoma. Sasa wanataka maziko yenye watani. Nikamwambia, "Bwana Gaudens, maziko hayaagizwi kama chai." Akasema, "Basi tutangoja." Wakangoja. Kaka, hakufa mtu! Ikawa mzee yeyote akikohoa barabarani Gaudens anageuka na kamera yake, mzee anajikaza, anapita mbio kama kijana. Mwisho nikawahurumia, nikawaambia nitawatengenezea maziko mie mwenyewe, mazuri kuliko ya kweli.

Ndimi mdogo wako, Bingwa wa Mila wa Kinondoni nzima,
Mwishehe

Tabora
20 Machi 1955

Mdogo wangu Mwishehe,

Marahaba. Nashukuru kwa barua yako, ingawa nimeisoma nikiwa nimelala, homa ilinikamata siku kadhaa. Sasa sijambo. Mwambie mama nimepona, usimwambie nilikuwa naumwa.

Nina habari njema. Wakubwa wa reli wamenikubalia likizo, nitakuja mwezi wa Machi mwaka ujao. Ni mbali, najua, lakini ni ahadi yenye mhuri. Nataka ndoa ifungwe kabla ya Ramadhani ya mwaka huo. Nenda Temeke ukamwambie Mzee Hija hivyo hivyo, kwa heshima, usitie mbwembwe zako. Yule mzee alinikubali mimi sina kitu, nina nyundo tu. Waliopeleka posa baada yangu wanatoka nyumba za mabati, naye amewarudisha kwa sababu amekwisha kunipa neno lake. Mtu wa namna hiyo hachezewi.

Habari ya maziko sikuipenda. Hapa nakaa na Wanyamwezi, watani wetu hasa. Mnyapara wangu hunitukana asubuhi kabla ya chai, nami namtukana, siku inakwenda vizuri. Lakini najua kwa nini mtani hucheka msibani. Anacheka kwa sababu pana mtu amelala hapo na wenyewe wamezidiwa. Nyinyi mtamcheka nani? Muulize mama kwanza. Akisema hapana, waambie wasomi wako hapana.

Kakako,
Bakari

Kinondoni
14 Aprili 1955

Kaka Bakari,

Shikamoo kubwa. Barua yako imefika sie tumekwisha kuzika. Mama naye alikuwa Kisarawe, amekwenda kumwuguza shangazi, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwuliza. Amerudi juzi, hajambo, anakusalimu.

Hebu nikueleze ilivyokuwa. Mie ndiye niliyekuwa imamu, mfiwa, mchimba kaburi na serikali. Nilikata mgomba nyuma kwa Bi Mwajabu, yule jirani yetu mwenye sauti, tukaufunga sanda ya bafta, ukawa maiti safi, mrefu kuliko Gaudens. Wanawake hawendi makaburini, hilo nilimwambia Gaudens, lakini yeye akasema kamera haiwezi kuwa mahali pawili. Basi kaburi tukalichimba pale pale shambani kwa Bi Mwajabu, wanawake wakae uani, wanaume shimoni, picha iwe moja. Akili ya nani hiyo? Yangu.

Kazi ikawa kilio. Bi Mwajabu alikaa, akajifunika, akafunua uso tena.

"Mwishehe, namlilia nani?"

Gaudens akasema, "Lia tu, mama. Sauti haisikiki."

"Haisikiki kwako wewe! Mie chozi langu haliji bila jina. Nimlilie mgomba? Nitakuwa na wazimu?"

"Basi taja aliyekufa zamani," Bi Avelina akasema.

"Aliyekufa keshapumzika, nimwamshe kwa ajili ya senema? Na aliyekaa hapa simtaji, nitamtabiria."

Jua linashuka, Gaudens anatazama mwanga wake, anauma mdomo. Ikabidi litafutwe jina, likapatikana. Basi kaka, walilia! Bi Mwajabu alijipiga kifua mpaka mie mwenyewe nywele zikanisimama.

Kisha akaingia mtani. Nilimchukua Fransis, yule Mnyamwezi kuli wa bandarini. Alirukia kaburini akalala chali, akapiga kelele, "Hazikwi mtu humu mpaka nile! Marehemu alikuwa mchoyo huyu, akila ugali anafunga mlango! Mtieni shimoni na sufuria lake!" Wanawake wanalia, wanacheka, wanalia tena. Gaudens nusura aingie kaburini na kamera.

Kilio kilifika mpaka njia kuu. Wapita njia wakaingia, wengine hawajui kama ni mchezo, na Gaudens akasema hao ndio waliomtengenezea mkanda wake. Kipande cha mwisho anasema hajapata kuona kitu kama kile toka ashike kamera.

Mambo ya Temeke, sijafika siku hizi. Ramadhani imekaribia, watu wana shughuli zao. Somoe hajambo, nadhani. Na wewe usiwe unaandikaandika huko kila mara, wazee hawapendi pupa.

Mdogo wako,
Mwishehe

Tabora
2 Juni 1955

Mdogo wangu Mwishehe,

Idi Mubaraka kwako na kwa mama. Sisi tumesali uwanjani, mnyapara wangu akaja kula pilau langu ingawa hakufunga hata siku moja.

Nimemwandikia Mzee Hija kabla ya Ramadhani, nikamwandikia tena baada ya Idi. Hakuna jibu. Si kawaida yake. Hata kama mkono wake haujui kalamu, humpa mwalimu wa chuo cha Kurani amwandikie, na barua yake hufika ina harufu ya ubani. Sasa kimya. Je, anaumwa? Somoe anaumwa? Niliyokutuma kuhusu likizo uliyasema?

Nenda Temeke, Mwishehe. Hata kama una kazi, hata kama una senema. Nenda ukaone kwa macho, uniandikie ulichokiona, si ulichokidhani.

Na jambo jingine. Umeniandikia maziko kuanzia mgomba mpaka sufuria, lakini hukuniambia mlimlilia nani.

Kakako,
Bakari

Kinondoni
10 Agosti 1955

Kaka Bakari,

Shikamoo. Usikasirike kwa kuchelewa, mguu ulinitoka jipu, likafuata jingine, nikawa natembea kama bata. Ndiyo maana Temeke imekuwa mbali. Mbuzi wako hajambo na mtoto wake hajambo. Mama hajambo, ila amenyamaza siku hizi. Kila akiona mtu wa posta anauliza, "Kakako amejibu nini?" Mie namwambia barua za bara hukawia.

Uliuliza jina. Ni jina la mtu tu, wa mbali, hayupo hapa mjini. Usijitaabishe nalo.

Wasomi wamerudi chuoni kwao. Bi Avelina alinipa kalamu ya wino, ndiyo hii naandikia, utaona mistari inavyong'aa. Mie niliwafuata huko chuoni, kaka, kwa miguu, jipu na yote. Nilimwomba Gaudens kipande kile cha mwisho akikate akitupe, nilikuwa sikukipenda. Alinitazama kama nimemwomba mkono wake. Akaniambia mkanda umekwisha kwenda Ulaya kuoshwa, na kwamba hata ungekuwa hapa asingekikata, kwa sababu bila kipande kile anabaki na watu wanaocheza na mgomba. "Pale ndipo penye ukweli, Mwishehe," akasema. Kisha akanipa chai na mkate. Nikanywa. Ungefanyaje wewe?

Nikipona vizuri nitakwenda Temeke.

Mwishehe

Tabora
15 Januari 1956

Mwishehe,

Natumaini mama hajambo. Mimi sijambo kwa mwili.

Kitanda nimekwisha kununua, cha mninga, fundi wa hapa amekichonga maua kichwani. Nimekifunga magunia tayari kwa treni. Kimekaa mlangoni, kila anayepita anakipiga kofi na kuniuliza bibi harusi ana uzito gani.

Jumamosi lilikuja gari la senema. Walitundika kitambaa uwanjani kwenye makambi ya reli, tukakaa chini wote. Wakaonyesha kilimo, wakaonyesha namna ya kuchemsha maji, kisha mwalimu akasema katika kipaza sauti, "Sasa tazameni mila za wenzenu wa pwani." Nikaona Kinondoni. Nikaona ua wa Bi Mwajabu. Nikakuona wewe, umevaa kanzu yangu. Nilisimama nikapiga kelele, "Mdogo wangu huyo!" Watu wakanishangilia.

Mtani alipolala kaburini tulicheka sana. Mnyapara wangu alinipiga mgongoni, anasema, "Watu wako hao, hata kufa hawajui!" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sioni haya kusema.

Kisha akaingia Mzee Hija.

Hana kofia. Kanzu imechafuka vumbi. Alikuja mbio, mtu mzima yule, akaanguka magotini mbele ya shimo, akatia mkono kwenye udongo. Watu wa hapa waliendelea kucheka, wakidhani ndio mchezo unaendelea. Mimi namjua, Mwishehe. Yule hachezi. Sijaona mtu analia vile hata kwenye msiba wa baba yetu.

Akainuka, akakushika mabega. Akakuambia neno. Wewe ukainamisha kichwa, midomo yako ikacheza, nawe ukamjibu. Mwalimu wa kipaza sauti akasema, "Hapo mzee anampa pole mfiwa." Senema ikaisha.

Sitaki habari ya jipu. Mlimzika nani? Na Mzee Hija alikuambia nini, nawe ulimjibu nini? Nijibu kabla sijapanda treni.

Bakari

Kinondoni
2 Februari 1956

Kaka Bakari,

Shikamoo. Mama hajambo, mbuzi hawajambo. Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena, mama akaniuliza naandika nini, nikamwambia salamu.

Kaka, uliyekuwa ukimcheka ni wewe. Jina lilikuwa lako.

Nilidhani nimefanya akili. Bi Mwajabu hataki maiti wa kweli, hataki mtu aliyekaa pale. Wewe hukufa wala hukuwapo. Niliona limekaa sawasawa kabisa. Hata Bi Mwajabu alisita kidogo, akasema, "Wa mbali hasikii," akaanza. Na ndiyo maana alilia vile, maana wewe amekubeba mgongoni.

Mzee Hija alikuwa anapita barabarani na mpwa wake, walikuwa na shughuli huku kwetu. Alisikia kilio, akamwuliza mwanamke aliyesimama njiani. Yule naye alikuwa amesikia jina tu, akakutaja kwa jina la mama, "Bakari wa Mwanakombo, aliyekuwa reli." Hakuuliza maiti imefikaje kutoka Tabora, mtu aliyepigwa na habari kama hiyo haulizi treni. Alimpa mpwa wake baiskeli, akamrudisha Temeke akawaambie wenyewe. Kisha akakimbia. Yaliyofuata umeyaona.

Usiyoyaona ni haya. Kamera ilipozimwa, Fransis alitoka shimoni anajikung'uta, watu wanacheka, sahani za wali zinapita. Mzee amesimama katikati, hajui atazame wapi. Gaudens akamwendea, akampa mkono, akamwambia, "Mzee, ahsante, umeigiza vizuri kuliko wote." Mzee Hija alimtazama, akautazama mgomba, akanitazama mie. Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliokota kofia yake akaondoka kwa miguu mpaka Temeke.

Alipofika ilikuwa magharibi, na ua umejaa watu. Somoe alikuwa amekwisha kuketishwa, amefunikwa kaniki, amelia mpaka sauti imekauka. Mzee aliwaambia ni mchezo. Wengine wakacheka, na hapo ndipo ilipoharibika zaidi. Bibi yake Somoe akasema msichana aliyekwisha kuketi msiba wa mtu hapelekwi kwa mtu huyo, atampeleka kaburini kweli.

Mama aliporudi Kisarawe akayajua yote, isipokuwa moja. Alinichapa, mtu mzima mie. Alikwenda Temeke mpaka makubazi yakakatika. Mzee Hija alimkaribisha, akampa maji, akamwambia, "Dada yangu, nilisimama mbele ya kaburi la mkwe wangu nikamwombea dua. Mimi mkwe wangu nimekwisha kumzika. Siwezi kumtoa mtoto kwa jina lile tena." Ile doti ya kanga ikarudi, imekunjwa vilevile. Iko kwenye sanduku la mama. Barua zako hakuzifungua, ziko kwa mwalimu wa chuoni.

Mama aliniambia nikuandikie siku ile ile. Anaamini niliandika. Toka Aprili anangoja jibu lako, anadhani umekasirika, ndiyo maana ananyamaza. Kila niliposhika kalamu nilijiambia Mzee atapoa kwanza, nikuandikie pamoja na dawa yake. Hakupoa. Mwezi wa Maulidi Somoe ameolewa Mbagala. Nilisimama mbali barabarani nikasikia vigelegele. Sikuweza kufanya kitu. Niende nikaseme nini, na nani atanisikiliza mie?

Gaudens nilimwandikia pia, akajibu anasikitika, akasema mkanda wake umesifiwa sana, utapelekwa na nchi nyingine.

Kitanda usikiuze kwa hasira. Njoo nacho, au usije, sijui nikuambie nini.

Hilo moja ambalo mama halijui, wala Gaudens, wala Bi Mwajabu, ni hilo ulilouliza mwisho. Wote wanajua Mzee alidanganywa na mwanamke wa njiani. Mie nawaacha wajue hivyo. Lakini yeye hakuamini ya njiani, kaka. Alikuja kwangu kwa sababu mie ni damu yako. Alinishika mabega, akaniuliza taratibu kama mtu anayeomba aambiwe hapana: "Mwishehe, mwanangu, ni kweli?" Nyuma ya bega lake nilimwona Gaudens ananipungia niendelee, niendelee. Nikageuza uso kidogo, kamera inipate vizuri, nikainama, nikamwambia, "Ni kweli, baba."

Mwishehe